Hodi ya Jua la Utosini

Kila mti katika Bustani ya Mimea ya Kisiwani ulikuwa na kibao, na kila kibao kilikuwa na majina matatu: la Kilatini juu, la Kiswahili katikati, na chini yake jina la nchi mti ulikotoka. Ruweida aliyasoma yote. Alikuwa mtu wa kusoma maandishi yoyote yaliyomkabili, hata ya kwenye magunia ya mchele, na tangu walipoingia langoni saa nne asubuhi ya Jumapili ile alikuwa akivisoma vibao kwa sauti ndogo, mkono mmoja kiunoni na mwingine juu ya tumbo lake la miezi saba, kana kwamba anamtambulisha mtoto kwa jamaa. Huu ni mkadi. Huu ni mbambakofi. Huu ni mlangilangi, ambao watu wengi huuchanganya na mkilua, ingawa mkilua ni kichaka tu na mlangilangi ni mti mzima.

Kwa hiyo alipoufikia mti mkubwa ulio nyuma ya birika la mayungiyungi, akainama kidogo kusoma, alishangaa. Kibao kilikuwapo, kimepakwa rangi ya kijani kama vingine, kimepigiliwa misumari minne. Majina hayakuwapo.

"Fahmi," alimwita mumewe, "huu hauna jina."

Fahmi alikuwa ameketi kwenye benchi, amevua kiatu kimoja, anakung'uta changarawe. Alikuwa na duka la milango ya nakshi na masanduku ya kale huko Ndia Kuu, na miti aliipenda zaidi ikiwa imekwisha kuchongwa. "Labda mwandishi alikwenda kula," alisema.

"Uliandikwa."

Aliyejibu alikuwa Mzee Chirau, mtunza mimea, aliyekuwa akiopoa majani birikani kwa wavu wa mpini mrefu. "Uliandikwa, mama. Mara tatu nimeuandika kwa mkono wangu huu. Rangi haishiki." Alitazama juu, akapima jua, kisha akautoa wavu majini kabla hajamaliza kazi. "Nyinyi ni watu wa kutembea. Tembeeni upande wa miti ya mivumo, ule unaoelekea Liwatoni, kuna upepo. Hapa jua likifika utosini hatukai."

"Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ni jua tu," alisema Mzee Chirau, akaondoka upesi kuliko umri wake, wala hakugeuka.

Fahmi alicheka. Ruweida hakucheka, lakini miguu ilikuwa imemvimba na kivuli cha mti ule kilikuwa kizito na baridi. Mkunga ndiye aliyemwambia atembee, atembee kila apatapo nafasi, lakini chini ya vivuli. Na maneno ya mkunga Ruweida aliyafuata kama sheria. Mimba mbili kabla ya hii zilikuwa zimeharibika, ya kwanza ya miezi mitatu, ya pili ya mitano. Hii ilikuwa imevuka mipaka yote miwili, na kila siku iliyopita aliihesabu kimoyomoyo, asimwambie mtu hesabu yenyewe.

"Nikuletee maji," alisema Fahmi. "Usiondoke hapo."

Fahmi alipokwisha kupotea nyuma ya banda la mikangaga, Ruweida alitambua kwamba kunguru walikuwa wamenyamaza. Kisiwa chote cha Mombasa hakina saa ambayo kunguru hunyamaza mchana. Mizizi ya ule mti ilining'inia kutoka matawini mpaka chini, minene na myembamba, kama pazia la mlangoni.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya chini, ya kiungwana. Ilitoka nyuma ya mizizi. Ruweida alikuwa mtoto wa mjini aliyelelewa vyema, na mtoto wa mjini hufunzwa kuitikia hodi kabla hajafunzwa kuhesabu. Ulimi ulitangulia akili.

"Karibu," alisema.

Baadaye alijiuliza mara nyingi: alimkaribisha wapi, naye yuko nje, chini ya mti usio wake?

Mizizi ilifunguka kidogo. Ulitokeza mkono tu, umepakwa hina mpaka kifundoni, hina mbichi bado inayong'aa, na nakshi zake hazikuwa maua wala mikufu bali mishipa ya jani, ileile iliyonyooka kutoka kikonyoni hadi nchani. Ndani ya kucha mlikuwa na udongo.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Watoka wapi?"

"Papa hapa mjini. Ndia Kuu."

"Ndia Kuu ni ndefu."

"Nyumba ya Bi Shekue binti Athman," alisema Ruweida, kwa kuwa ndivyo mtu aulizwavyo na ndivyo ajibuvyo. "Ile yenye mlango wa njumu za shaba. Ni mama wa mume wangu."

"Na huyo uliye naye ana miezi mingapi?"

"Saba, Mungu akipenda."

"Amekwisha kupata jina?"

"Bado."

"Bado," sauti ilirudia polepole, kama mtu aliyepewa habari njema. "Nitakuja kukuamkieni."

"Karibu sana. Nyumba ni yako."

Maneno hayo huko Mombasa husemwa mara mia kwa siku, na anayeyasema hapungukiwi na chochote. Lakini mara tu yalipomtoka Ruweida, mkono ulirudi ndani, mizizi ikajifunga, na ikaja harufu ya mlangilangi, nzito, tamu hadi kukera, ilhali mlangilangi wenyewe walikuwa wameuacha nyuma hatua mia mbili.

"Wazungumza na nani?" aliuliza Fahmi, chupa ya maji mkononi.

"Na huyu mama..."

Fahmi aliipekua mizizi kwa mkono. Nyuma yake palikuwa na shina, na shina lilikuwa pana, wala hapakuwa na nafasi ya mtu kusimama.

*

Bi Shekue binti Athman alikuwa na umri wa miaka sabini na minne, na alikuwa akiamini kwamba mji uliharibika siku watu walipoanza kupiga simu kuuliza kama waje. "Mtu aje," alikuwa akisema. "Nikiwapo tutaonana, nisipokuwapo ataniacha salamu." Mlango wake haukufungwa mchana. Katika sufuria yake mlikuwa na chakula cha mtu mmoja zaidi, hajulikani nani, na mara nyingi mtu huyo alitokea.

Jumatatu, saa sita na nusu, kabla ya adhana ya adhuhuri, mlango uligongwa mara tatu.

"Hodi."

"Karibu!" alijibu Bi Shekue kutoka jikoni. "Pita, mlango u wazi!"

Ruweida alikuwa ngazini na nguo za kuanika. Aliijua sauti. Alishika ukuta, akasubiri kusikia nyayo, na nyayo hazikuja. Ilikuja harufu. Ilipita ukumbini, ikapita chini ya ngazi, ikaingia sebuleni na kutulia mumo humo, kama mtu aliyejua pa kukaa.

Bi Shekue alitoka jikoni akijifuta mikono. Alitazama mlangoni, akatazama njiani. "Watu wa siku hizi," alisema. "Wapiga hodi kisha wapotea kama paka. Nani huyo aliyejitia mafuta yote haya?"

"Sijui, mama," alisema Ruweida. Ndiyo mara yake ya kwanza kumdanganya.

Jumanne hodi ilikuja saa ileile. Bi Shekue aliitikia, akaandaa sahani ya nne mezani, kwa sababu aliyekaribishwa ameshakuwa mgeni hata akichelewa kuingia. Walipokwisha kula, Ruweida alikwenda sebuleni akauona mto wa kiti kikubwa umebonyea katikati. Aliupiga-piga ukainuka. Alipogeuka mlangoni, akatazama tena, ulikuwa umebonyea.

Jumatano kulikuwa na udongo mweusi juu ya mkeka, udongo wa bustani, wenye vijani vilivyooza. Na siku hiyo, tangu hodi ilipopigwa mpaka adhana ya alasiri, mtoto hakucheza tumboni.

Alikuwa mtoto mchezaji. Bi Shekue alikuwa akimtania kwamba atazaliwa amevaa viatu vya mpira. Ruweida alilala ubavu wa kushoto kama alivyofunzwa, akanywa maji baridi, akaligusa tumbo kwa vidole, akalisemesha, na tumbo lilikuwa zito na kimya kama mtungi. Na alipokuwa amelala hivyo akiwa amekodolea macho boriti za dari, akasikia chini, sebuleni, mtu akiimba kwa kunong'ona, wimbo usio na maneno, ule ambao mwanamke humwimbia mtoto aliyekwisha kulala ili asiamke.

Jioni Fahmi aliporudi kutoka dukani, Ruweida alimvuta chumbani akamweleza yote: mkono, hina, maswali, majibu yake mwenyewe.

"Mbona wanong'ona?" alisema Fahmi, naye akinong'ona vilevile.

"Kwa sababu kuna mgeni sebuleni."

"Ruweida, umechoka. Joto hili..."

"Nenda ukakae kile kiti. Nenda ukakikalie, kisha uje uniambie nimechoka."

Fahmi alikwenda. Alikaa huko muda mfupi sana. Aliporudi alikuwa ameshika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, na rangi imemtoka. "Kuna mtu," alisema. "Nimekaa, akasogea. Amenipisha, Ruweida. Amenipisha kama mtu mwenye adabu zake."

Alhamisi asubuhi walikwenda zahanati. Muuguzi alitembeza chombo juu ya tumbo kwa muda mrefu kuliko desturi, uso wake umeganda, kisha akakipata alichokitafuta. "Moyo upo," alisema. "Lakini wasikika kwa mbali, kama mtu anayetembea chumba cha pili. Kama hali ni hii mpaka Jumatatu, itabidi atolewe, na mwezi wa saba ni mapema, mama, siwezi kukuficha." Siku hiyo mtoto alinyamaza tangu saa sita na nusu mpaka magharibi. Ruweida hakuhitaji kuelezwa hesabu hiyo ilikuwa inakwenda wapi, kwa maana Jumatano zilikuwa saa tatu, na Alhamisi sita, na kila saa iliyoongezeka ilikuwa imeondolewa kwa mtu asiyeweza kusema hapana.

*

Mwalimu Khubaib aliishi Tononoka, nyuma ya viwanja. Alikuwa amefundisha hesabu skuli miaka thelathini, na uganga wa kitabu aliurithi kwa baba yake bila kuutafuta. Hakuwa na mikogo. Fahmi alimwendea, naye akaja Ijumaa baada ya alasiri, akavua viatu, akamwamkia Bi Shekue, akaomba kiti cha mbao, akakaa sebuleni na kuanza kisomo, chetezo cha ubani kinafuka miguuni pake.

Alisoma kama robo saa. Kisha akanyamaza katikati, akafunga kitabu, akatoka nje ukumbini.

"Nani aliyemwita mgeni huyu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Ruweida alieleza. Mwalimu Khubaib alisikiliza bila kukatiza, akauliza maneno yaleyale yalivyosemwa, neno kwa neno, na mahali penyewe.

"Mti ule naujua," alisema. "Watu wa zamani hawakuupa jina, na bila shaka walikuwa na sababu. Lakini kosa si mti. Mwizi akiingia nyumbani mwako, nitamtoa kwa kisomo. Huyu si mwizi. Umemkaribisha, umemwelekeza nyumba, umemwambia ni yake, na kila siku mwaitikia hodi yake. Nikimsomea ananisikiliza, tena aitikia amina."

Fahmi aliuliza, "Basi tufanyeje?"

"Mgeni hafukuzwi. Mgeni husindikizwa. Kesho atakapopiga hodi msiitikie. Huyu binti atatoka mlangoni, atatangulia, naye atamfuata, kwa sababu mgeni akisindikizwa hana budi kuondoka. Nendeni mpaka pale mlipomtoa. Njiani pasiwe na neno. Mkifika, binti atasema kwaheri, mara moja, basi. Asiseme kwaheri ya kuonana. Asiseme tutakukumbuka. Na hata akilia, hata akishukuru, asije akasema karibu tena. Ulimi wa adabu ndio uliokuponzeni."

Bi Shekue, aliyekuwa amesimama kizingitini na sinia ya kahawa, alisikia mwisho wa maneno hayo. "Mgeni aondoka nyumbani mwangu," alisema, "nami nisimuage?"

"Mama, wewe hutakwenda," alisema Fahmi.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu huwezi kunyamaza. Mwaka jana mwizi alikwapua simu yako sokoni, ukamwambia pole alipojikwaa."

"Alijikwaa vibaya," alisema Bi Shekue. Lakini aliweka sinia chini kwa kishindo, na usiku ule hakusema na mwanawe.

Jumamosi, jua lilipofika utosini, mlango uligongwa mara tatu.

"Hodi."

Ruweida na Fahmi walikuwa wamesimama ukumbini. Bi Shekue alikuwa jikoni, amejifunga ukaya wake wa kichwani mdomoni kwa hiari yake mwenyewe, machozi ya hasira yamemjaa machoni. Hapana aliyeitikia.

"Hodi," sauti ilisema tena, na mara hii ilikuwa na mshangao ndani yake, na majonzi, hata Ruweida aliona haya, haya ya kweli, kama amemnyima mtu maji.

Alifungua mlango akatoka. Harufu ilimpisha, kisha ikamfuata.

Hakuweza kutembea mpaka Liwatoni kwa hali aliyokuwa nayo, kwa hiyo Fahmi alisimamisha tuktuk mwanzo wa njia, wakapanda nyuma wawili, wakaacha nafasi katikati bila kuambizana. Dereva alikuwa kijana mmoja aliyeitwa Griffins, jina lake limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kioo. Alitazama nyuma. "Huyo mama wa katikati ashike chuma," alisema, "barabara ina mashimo."

Hawakumjibu. Tuktuk iliondoka, ikapita maduka, ikapita watu wenye mizigo na watu wenye haraka zao za Jumamosi, na Ruweida alikuwa amekaza macho mbele, bega lake la kushoto limekuwa baridi kama lililoegemezwa ukuta wa kisima, puani mlangilangi, mlangilangi mpaka ulimi ukawa mchungu, na alikuwa akihesabu mashimo ya barabara ili asisikie kwamba mwimbaji alikuwa ameanza tena, karibu sana na sikio, ule wimbo wa kumlaza mtoto; akahesabu ishirini, akahesabu thelathini, kisha, mahali fulani kabla ya mzunguko wa barabara, akatambua kwamba bega lake lina joto na pua yake inanusa moshi wa magari.

Walipofika lango la bustani Fahmi alimlipa Griffins. Kijana alitazama nyuma tena. "Kwani yule mwenzenu ameteremkia wapi? Mimi sikusimama."

Fahmi alimshika mkewe mkono wakaingia ndani. "Ametangulia," alimnong'oneza, akasahau kwamba walikatazwa kusema. "Amejua aendako."

Mzee Chirau aliwaona wakipita birika. Aliona saa, akawaona wao, akavua kofia yake wala hakuwazuia.

Ruweida alisimama mbele ya kibao kisicho na jina. Mizizi ilikuwa imetulia. Kunguru walikuwa wakilia juu ya mivumo. Alisubiri asikie kilio, asikie shukrani, alikuwa amejiandaa kwa yote, amejiuma ulimi mpaka ukauma. Halikuja lolote.

"Kwaheri," alisema.

Na mtoto akageuka. Hakucheza tu, aligeuka mzima, akapiga teke chini ya mbavu, akapiga lingine, hata Ruweida akaguna akacheka, akauchukua mkono wa Fahmi akauweka pale, na Fahmi, mtu mzima mwenye ndevu, akalia mbele ya Mzee Chirau bila aibu.

"Mmemrudisha?" aliuliza mzee.

"Tumemrudisha."

Mzee Chirau aliutazama mti. Alivuta pumzi puani, mara mbili, kama mtu anusaye chakula kilicholala. "Siisikii harufu yake," alisema. Walidhani anawapongeza.

*

Walirudi Ndia Kuu kwa furaha iliyowafanya wazungumze kwa sauti. Mlango wa njumu za shaba ulikuwa wazi. Bi Shekue aliketi sebuleni, ukaya umerudi kichwani, uso umenawiri, hasira yote imekwisha. Mbele yake palikuwa na sinia, na juu ya sinia vikombe viwili vya kahawa, vyote vimenywewa.

"Lau mngewahi kidogo mngemkuta," alisema.

Ruweida alishika fremu ya mlango. "Nani, mama?"

"Mgeni wenu! Mwanamke mzuri, mtulivu, hina mpaka hapa. Nanyi mwamwita jini. Alirudi mwenyewe. Asema alikuwa ameshaingia garini, akakumbuka kwamba hajaniaga, naye hawezi kuondoka nyumba ya mtu bila kumuaga mwenye nyumba. Haya, niambieni, nani katika wake wa siku hizi atakumbuka hilo?" Bi Shekue aliwatazama wote wawili, na macho yake yalikuwa na lawama ya haki. "Nyinyi mlinificha mimi jikoni kana kwamba nyumba ni yenu."

Fahmi alikaa chini, juu ya mkeka, pale pale. "Mama. Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia aambiwalo mgeni."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia karibu tena. Akauliza lini. Nikamwambia, mwanangu, mkwe wangu atazaa karibuni, njoo siku ya saba, siku ya jina, tutafurahi." Alianza kukusanya vikombe. Mikono yake, kwa mara ya kwanza, ilisita. "Nilimuuliza jina lake pia, ili nimwalike vizuri. Akasema yeye hana, hajawahi kupewa. Nikamhurumia. Akasema si kitu, atangojea."

*

Hodi haikupigwa tena, na mtoto alizaliwa baada ya miezi miwili kamili, msichana, mzima, mwenye sauti. Mwalimu Khubaib aliitwa siku ileile. Alifikiri sana, kisha akasema wasingoje siku ya saba, kwa maana mgeni asiye na jina alikuwa akilingojea la mtoto. Na siku ya tatu, kabla ya alfajiri, mlango umekomewa na madirisha yamefungwa, Fahmi alimnong'oneza bintiye jina sikioni, na jina hilo walilijua watu watatu tu, wao wawili na Mwalimu. Bi Shekue hakuwamo katika watatu hao. Yeye mwenyewe aliomba asiambiwe.

Walitaka pia siku ya saba ipite kimya. Lakini siku ya saba ya mtoto wa kwanza, katika nyumba ya Bi Shekue binti Athman, kwa mwanamke aliyepoteza mimba mbili, haipiti kimya. Hapana aliyealikwa, wakaja wote. Walikuja mashangazi kutoka Kibokoni, walikuja majirani na masinia ya mahamri, walikuja wanawake ambao Ruweida hakuwajua majina, wakajaa sebuleni, ukumbini na ngazini, vigelegele juu ya vigelegele, na mtoto akapita mkono kwa mkono huku kila mmoja akiuliza, "Aitwaje? Haya, aitwaje huyu?"

Ruweida alitabasamu, hakujibu. Alitazama saa ya ukutani; saa sita na nusu ilikuwa imekaribia. Alitaka kuwaambia wanyamaze, wafunge mlango, wafumbe midomo yao yote kwa dakika chache tu, na alikuwa akitafuta namna ya kulisema hilo kwa wageni bila kuwavunjia heshima, akitafuta neno, akilikosa, akimnyooshea mikono mtoto wake aliyekuwa upande wa pili wa ukumbi, karibu na mlango, mikononi mwa mtu aliyempa mgongo, ndipo harufu ya mlangilangi ilipopanda juu ya harufu ya udi.

Mlango uligongwa mara tatu.

"Hodi."

Na wanawake wote waliokuwamo nyumbani mle, waliolelewa vyema wote, waliitikia kwa sauti moja:

"Karibu!"